William Nagenda, Mtu Aliyetosheka na Yesu

Hii ni yubile ya miaka 25 ya kwaya yetu. Ratiba mmeiona kurasa za mwanzo. Kamati iliagiza ofisi ya katibu iandike pia maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu wa zamani, ili msomaji apate kitu cha kwenda nacho nyumbani zaidi ya picha za sare mpya. Majina yaliyopendekezwa yalikuwa mengi, na wengine walishangaa tulipomchagua William Nagenda wa Uganda. Hakuwa mtunzi wa nyimbo. Hakuwa mchungaji. Alikuwa Mwanglikana, na wengi wetu hapa Ekerenyo hatujawahi kukanyaga kanisa la Kianglikana ila siku ya harusi ya mtu. Lakini Tukutendereza tunaijua sote, hata watoto wa chekechea. Wimbo huo wa Kiganda ulivuka mpaka na kuingia Kenya midomoni mwa watu wa uamsho, na Nagenda alikuwa mmoja wa wahubiri wake wakubwa. Tukiuimba bila kujua ulitoka wapi, ni kama kuvaa koti la mtu na kutouliza jina lake.

Hadithi ya Nagenda haianzi naye, inaanza na mtu aliyechoka. Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Muda si muda njaa kubwa ikaipiga nchi ile. Watu walikufa njiani, hospitali ikajaa, na daktari akafanya kazi usiku na mchana hadi nguvu zikamwishia. Kama kuna mtu aliyekuwa na matendo mema ya kuonyesha, ni yeye. Hata hivyo alijiona mtupu. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mfanyakazi wa idara ya afya. Nsibambi naye alikuwa Mkristo aliyejisikia bado ana njaa. Wawili hao wakaketi na Biblia siku mbili, wakifuatilia mistari na kuomba. Hawakuanzisha dhehebu wala chama. Walikiri tu kwamba hawana kitu, wakaamini kwamba Kristo anacho. Kisha daktari akarudi Gahini, na Nsibambi akaiacha kazi ya serikali akawa anahubiri pale Namirembe na nyumbani kwake.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu huko Gahini. Alikuwa kijana mwenye bidii, na sisi walimu tutamwelewa: alifundisha, akasukuma, akakemea, na matunda hayakuonekana. Mwaka 1935 alijifungia siku kadhaa katika nyumba yake akiomba. Alipotoka aliomba watu msamaha, akianzia nyumbani kwake, na mahubiri yake yakawa na nguvu ambayo hayakuwa nayo kabla. Januari 1936 homa ilimwua akiwa angali kijana. Kanisa la Uganda lilitikiswa na kifo hicho kuliko lilivyotikiswa na maisha yake.

Ndipo anapoingia Nagenda. Alizaliwa mwaka 1912, mtoto wa chifu wa Buganda, akasoma Budo, shule ya watoto wa wakubwa, kisha akawa karani wa serikali huko Entebbe. Kijana mwenye Kiingereza kizuri, mshahara na jina la baba, katika Uganda ya wakati ule hakuhitaji mtu amwonee huruma. Mwaka huo huo wa 1936 aliokoka kwa ushuhuda wa Nsibambi. Baadaye alimwoa Sala, ndugu ya mke wa Nsibambi, kwa hiyo wawili hao wakawa ndugu kwa damu ya Yesu na kwa ukwe pia. Aliacha ukarani, akaenda Gahini, mahali Kigozi alipofanya kazi, awe mwinjilisti. Mwanawe John alizaliwa huko mwaka 1938. Wapenzi wa kriketi na vitabu watalitambua jina hilo: ni yule John Nagenda aliyechezea Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la mwaka 1975, na baadaye akawa mwandishi maarufu. Hilo ni la pembeni, turudi njiani.

Mwaka 1940 Nagenda aliingia chuo cha theolojia cha Bishop Tucker kule Mukono ili asomee uchungaji. Wanafunzi waliookoka walikuwa wakiamka alfajiri, saa kumi hivi, kuomba na kuimba, kisha wakihubiria wenzao na hata walimu wao kwamba watubu. Uongozi wa chuo ukakataza. Hawakuacha. Oktoba 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa, Nagenda akiwa kiongozi wao. Wengine kati yao walikuja kupata uchungaji baadaye. Yeye hakupata kamwe. Mpaka anakufa alikuwa mwumini wa kawaida, bila kola.

Tuseme wazi maoni yetu: hatudhani kosa lote lilikuwa la chuo. Kijana aliyeokoka juzi, anayempigia mlango mwalimu wake saa kumi usiku kumwambia kwamba hajaokoka, anaweza kuwa na ukweli mkononi na kiburi moyoni kwa wakati mmoja. Balokole wa miaka ile, yaani waliookoka, walikuwa wakali. Waliweza kuwagawa watu kwa kuwatazama tu. Tunalitaja kwa sababu jambo tunalompendea Nagenda lilimjia baada ya hapo, na ni kubwa kuliko ushujaa wa kufukuzwa chuoni.

Uamsho haukukaa Uganda na Rwanda. Mwaka 1937 kikosi kilikuja Kenya, mkutano ukafanyika Kabete. Mwaka uliofuata ukafanyika Maseno, ambako si mbali nasi, unashuka Kisii unapita Kisumu umefika. Wazee wa Nyanza na wa Mlima Kenya waliwaita watu wale Wandugu. Walikuwa na desturi ya kukutana, kila mmoja akisema mbele ya wenzake dhambi iliyomshinda wiki ile na jinsi damu ya Yesu ilivyomsafisha. Waliiita kutembea nuruni. Mwizi alirudisha mali. Mume aliomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo mababu wangelicheka. Mweupe na mweusi waliombana msamaha katika nchi ambayo hawakuketi meza moja. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo, na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali, na baadhi waliuawa kwa ajili ya hilo. Huu haukuwa moto wa makaratasi.

Mwaka 1947 Nagenda alisafiri pamoja na Joe Church na Yosiya Kinuka, ndugu wa Gahini, hadi Ulaya. Fikirini enzi zile: Waafrika wanatumwa kuwahubiria Waingereza, si kusoma wala kupigana vita yao. Huko walikutana na mhubiri Mwingereza aitwaye Roy Hession, mtu aliyefanikiwa sana katika mikutano lakini moyo ulikuwa umekauka. Walimwambia aanze yeye mwenyewe kutubu. Aliumia, kisha akafanya hivyo, na kitabu chake The Calvary Road, kilichotoka 1950, kikabeba ujumbe wa Afrika Mashariki mpaka mbali duniani. Nagenda mwenyewe alifika India na Marekani pia.

Sasa ndipo penye kiini. Miaka ilivyopita, Nagenda aliona kitu katikati ya ndugu zake wapendwa, na kikamsumbua kuliko upinzani wa maaskofu. Toba, iliyokuwa mlango, ilikuwa inageuka kuwa ada ya kuingilia. Mtu alipaswa kukiri, na akikiri kidogo aliambiwa hajafika. Alipaswa kuvunjika, na wenzake ndio waliopima kama amevunjika vya kutosha. Alipaswa kuwa nuruni, na nuru hiyo ilikuwa na kanuni. Miaka ya baadaye vikundi vingine vilifika mahali pa kukataza hata kukopa, na anayekopa akahesabiwa amerudi nyuma. Hakuna aliyefundisha kwa mdomo kwamba tunaokolewa kwa matendo. Wote wangekana. Lakini matendo yalikuwa yamerudi kwa mlango wa nyuma yakiwa yamevaa kanzu ya toba.

Nagenda alilipinga hilo popote alipokwenda. Hessions hawa wa Uingereza walisimulia baadaye jinsi alivyowasikiliza wakifundisha juu ya uamsho na kuvunjika, kisha akawaonyesha kwa upole kwamba wamewapa watu njia ndefu ya kupanda huku Yesu amewekwa kileleni, kama zawadi ya atakayefika. Kwa Nagenda, Yesu hakai kileleni. Yeye ndiye njia yenyewe, naye huanzia pale mtu alipoanguka. Ukimwambia mwenye dhambi kwamba lazima kwanza avunjike ndipo aje kwa Yesu, umempa sheria nyingine tu, tena ngumu kuliko ile ya Musa, maana ile ya Musa angalau iliandikwa ukajua inaishia wapi. Mafundisho hayo ndiyo yaliyozaa kitabu kingine cha Roy Hession na mkewe, We Would See Jesus, cha mwaka 1958. Kusema hivyo kwa Wazungu haikuwa kazi ngumu. Kuwaambia ndugu zako mwenyewe uliofukuzwa nao chuoni, kwamba jambo mlilolipigania linaweza kugeuka kuwa sanamu, hapo ndipo mtu anapopoteza marafiki. Paulo alifanya vivyo kwa Wagalatia.

Sisi wa Ekerenyo tunalielewa jambo hili kwa mkono. Wengi wetu tumelelewa na majani chai. Unaamka, unachuma, unabeba kikapu mpaka kituoni, karani anaweka kwenye mizani, anaandika kilo. Majani mabaya yanatolewa. Mwisho wa mwezi unalipwa kwa kilo zako, na bonasi ikija inakuja kwa kilo zako. Ni haki, na hatuna neno nayo, isipokuwa bonasi ikiwa ndogo. Shida ni kwamba tunakwenda kanisani na kikapu kile kile mgongoni. Tunadhani Mungu amesimama kwenye mizani. Aliyechuma nyingi anaingia kifua mbele, aliyechuma chache anakaa nyuma karibu na mlango.

Ofisi ya katibu ina mizani yake pia, nayo ni rejista. Kwa miaka 25 rejista ya kwaya hii imewekwa vizuri: nani alikuja mazoezini, nani alichelewa, nani hajalipa faini, nani hajamaliza pesa za sare. Tunaiweka kwa furaha na tutaendelea kuiweka, kwa sababu kwaya isiyo na mazoezi ni kelele. Lakini kuna ukurasa mmoja katika faili letu ambao umetusumbua tangu tulipoanza kusoma habari za Nagenda, na kamati imekubali tuuseme hapa.

Miaka kadhaa iliyopita dada yetu mmoja wa sauti ya pili alipata mimba kabla ya ndoa. Kwaya ilikaa. Tulikubaliana asiimbe kwa muda, aandike barua ya toba, aisome mbele ya kwaya nzima, halafu tuone. Barua ya kumjulisha hayo ilitoka ofisi hii, na nakala yake ipo. Tumeisoma tena mwezi huu. Haina kosa la sarufi hata moja, na jina la Yesu halimo. Aliandika barua yake, akaisoma akilia. Wengine wetu tulisema nje, baada ya kikao, kwamba kilio kile hakikutosha, kwamba hakuonyesha kujuta vya kutosha. Tukaongeza miezi. Mwanamume aliyehusika hatukumwuliza lolote. Dada akasubiri, kisha akaacha kusubiri. Aliacha kwaya, na baadaye aliacha hata kuja kanisani. Mtoto sasa anasoma shule ya msingi.

Si kwamba dhambi haikuwa dhambi. Nagenda hakuwa mtu wa kufunika dhambi, alizitaja kwa majina, zake kwanza. Lakini sisi tulikaa kama karani wa chai, tukapima machozi ya mtu kwa kilo, tukakuta hayajafika. Tulidai toba kama malipo, naye alikuwa amekwisha kuileta kama mtu mwenye njaa anavyoleta sahani tupu.

Turudi kwa Nagenda tumalize habari zake. Tangu miaka ya sitini ugonjwa ulimshika, ukamnyang'anya nguvu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mtu aliyesimama mbele ya maelfu katika mabara mengi akawa hawezi kusafiri, akawa hawezi kuhubiri. Nsibambi naye, yule aliyemleta kwa Yesu, aliishi miaka mingi nyumbani akiwa mgonjwa, watu wakimjia badala ya yeye kuwaendea. Tumelifikiria sana hili. Kama mtu anakubaliwa na Mungu kwa sababu ya kazi anayomfanyia, basi miaka ile ilikuwa hasara tupu kwao wote wawili. Nagenda alikuwa amehubiri karibu miaka 30 kwamba Yesu anatosha. Kisha akawekwa mahali ambapo hakubaki na kitu kingine: hana mimbari, hana safari, hana cheo cha kanisa, hana hata mwili unaomtii. Alikufa Januari 1973. Nsibambi alimfuata mwaka 1978.

Hakuacha dhehebu lenye jina lake. Kwa mkono wake mwenyewe hakuandika mengi. Wala hakushinda mabishano yote na ndugu zake, maana baada yake makundi ya uamsho yaligawanyika zaidi juu ya nani anatembea nuruni kwa haki na nani amelegea. Mtu akitaka kumhukumu kwa mavuno anaweza kusema alishindwa. Sisi tunadhani alilisema neno ambalo kila kizazi cha watu waliookoka kinahitaji kuambiwa tena, kwa kuwa kila kizazi hutafuta mizani yake. Kwetu ilikuwa rejista.

Sasa matangazo yanayohusu habari hii. Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya, mwenyekiti na sisi tulikwenda nyumbani kwa dada yule. Tulikwenda na sukari na mkate kama desturi, na ile nakala ya barua. Tulimwomba msamaha kwa ajili ya barua na kwa ajili ya miezi tuliyoongeza. Mama yake alitutazama sana kabla ya kutupa viti. Dada hakusema mengi. Alituuliza tu kama bado tunaimba Tukutendereza kwa ufunguo ule wa juu unaochosha koo, na mwalimu akakiri kwamba ndiyo.

Amekubali kuja. Gauni lake limeshonwa kwa kipimo cha fundi, na limelipiwa, wala asiulizwe nani amelipa. Atasimama safu ya pili mahali pake pa zamani. Hatatoa ushuhuda wala hatatambulishwa, na tunawaomba wapendwa wote, hasa wenye simu za kupiga picha, wamwache aimbe kama wengine. Tukutendereza imewekwa mara tu baada ya sadaka. Kutaniko lote lisimame. Tumeishusha ufunguo. Sauti ya pili, sogeeni kidogo apate nafasi.